George Hurst: Aliuawa na tembo, kampuni yake ikabaki

UKIFIKA Mununga, kando ya Ziwa Mweru upande wa Zambia, utakuta magunia ya samaki wadogo wa chisense yakisubiri malori, na wafanyabiashara wakijiandaa kuvuka maji kwenda Kongo. Huko Katanga kuna bia ziitwazo Simba na Tembo. Kenya nako kuna bia yenye picha ya tembo, nayo ni Tusker. Lakini tembo wa Tusker ana kisa chake, na kisa hicho kinamhusu mfanyabiashara mmoja aliyeitwa George Hurst.

Hurst alikuwa mmoja wa walowezi wa Kizungu nchini Kenya wakati wa utawala wa Uingereza. Siku hizo bia ya chupa ililetwa kutoka Ulaya kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli hadi Nairobi. Hurst na ndugu yake Charles waliona kwamba kinywaji hicho kinaweza kupikwa palepale kilipo na wanywaji.

Tarehe 8 Desemba 1922 kampuni yao, Kenya Breweries, ilisajiliwa. Mitambo iliagizwa kutoka Uingereza na kufungwa Ruaraka, nje ya Nairobi. Bia ya kwanza ilijazwa kwenye chupa kwa mkono, na shehena ya kwanza ilikuwa kreti kumi tu, zilizopelekwa Hoteli ya Stanley. Soko lenyewe lilikuwa dogo, kwani Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua bia ya chupa hadi miaka ya 1940.

Mwaka 1923, kampuni ikiwa bado changa, George alikwenda kuwinda na akauawa na tembo. Charles aliipa bia yao jina la Tusker, ambalo kwa Kiingereza ni tembo mwenye pembe kubwa, ili kumkumbuka ndugu yake.

Biashara nyingi huzikwa pamoja na mwenyewe. Hii haikuzikwa: mali ilikuwa ya kampuni iliyosajiliwa, na ndugu mmoja alibaki. Mwaka 1930 walianza kupika bia ya lager. Mwaka 1935 walivuka mpaka na kununua kiwanda cha Tanganyika Breweries cha Dar es Salaam, na mwaka 1936 jina la kampuni likawa East African Breweries. George hakuyaona hayo yote.

Kwa msomaji wetu wa ziwani, kisa hiki si cha bia peke yake. Mwenye mtumbwi hukabiliana na mawimbi kama Hurst alivyokabiliana na tembo. Basi ajiulize: nisiporudi leo, nani anajua ninayemdai kule Pweto, na kwa karatasi gani atamdai?