Maisha ya Bwana August Krogh na Bibi Marie: Masomo, Nyumba na Ugonjwa



Kila mara gazeti letu linapotoka, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita anaandika maisha ya mutu mukubwa wa zamani. Zamu hii imetufikia sisi. Wengi walifikiri tutaandika juu ya mucheza mupira ao mwanasiasa. Hapana. Tumechagua mutu wa Denmark, profesa wa biolojia, pamoja na muke wake. Mutajiuliza: sababu gani hao? Basi tueleze kwanza sababu, hata kama inatuletea haya.

Mwezi uliopita, saa ya gimnastiki, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alikaa chini wakati wenzake walikuwa wanazunguka uwanja. Sisi, kwa sababu tuko kapita wa wanafunzi, tulimusimamisha na kumukimbiza, tena tuliandika jina lake kwenye karatasi ya adhabu. Tulizani ni uvivu tu. Alizunguka mara mbili, akaanza kutetemeka, jasho baridi likamutoka, akaanguka. Munganga alipofika njo tulisikia kwamba kijana yule ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi ile alipigwa shindano lake kama kila siku, lakini hakukula kitu. Walimupa maji ya sukari, akaamuka. Alipona, tunamushukuru Mungu. Lakini sisi hatukulala vizuri usiku ule. Mwalimu wetu wa biolojia hakutugombeza. Alitupa kitabu tu, akatuonyesha jina la Krogh. Tulisoma, na haya ndiyo tuliyopata.

August Krogh alizaliwa tarehe 15 Novemba 1874 katika Grenaa, muji mudogo wa Denmark ulio kando ya bahari. Baba yake alikuwa mwenye kutengeneza mashua. Mutoto huyu alipenda sana wadudu, alikuwa anawafuata na kuwaangalia saa nyingi. Rafiki mumoja mukubwa, mwenye kujua elimu ya wanyama, akamushauri aende kusikiliza masomo ya profesa Christian Bohr katika iniversite ya Copenhagen. August alisikiliza, akapata njia yake. Tangu 1897 alifanya kazi katika labo ya Bohr, na katika 1903 akapata dokta kwa kazi yake juu ya chura: namna chura anavyopumua kwa mapafu na vilevile kwa ngozi.

Bibi Marie naye alizaliwa mwaka uleule, 1874, siku ya Noeli, katika kisiwa cha Fyn. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alifika kwenye masomo ya uganga akiwa amekwisha kupita umri wa wanafunzi wengine, kwa maana zamani ile njia ya musichana kufika iniversite ilikuwa ndefu. Pale Copenhagen akakutana na August, wakaoana katika 1905. Wadada zetu wasikilize hapa: alipoolewa alikuwa hajamaliza. Hakuacha. Kisha miaka miwili, katika 1907, akapata diplome ya munganga. Katika 1914 akapata dokta, na alikuwa kati ya wanawake wa kwanza wa inchi ile kupata dokta ya uganga.

Kazi yao ya kwanza kubwa walifanya pamoja. Bohr alikuwa anafundisha kwamba mapafu yenyewe yanasukuma oksijeni kuingia ndani ya damu, kama tezi inavyotoa mate. August na Marie walipima tena na tena kwa vyombo ambavyo August alitengeneza kwa mikono yake. Wakaona hivi: oksijeni inapita yenyewe, kutoka pahali iko nyingi kwenda pahali iko kidogo, basi. Sasa walikuwa katika taabu. Kusema kweli ilikuwa kupingana na mwalimu wao. Katika 1910 walitoa hesabu yao katika maandiko mafupi saba, na ndani yake August alitaja kwa heshima mambo yote aliyopata kwa Bohr. Walimuheshimu mutu, lakini hawakuficha kipimo. Marie tena akatafuta namna ya kupima nguvu ya mapafu ya mutu muzima kwa kumuvutisha gazi kidogo sana na kumuambia azuie pumzi. Hata leo waganga katika lopitali kubwa wanapima mapafu kwa njia iliyotokea kwake.

Na nyumba? Labo ya Krogh ilikuwa katika nyumba moja na makao yao: watoto na wageni upande mumoja, mashini na vyura upande mwingine. Walizaa watoto wane, mwanaume mumoja na wasichana watatu. Marie alikuwa anaangalia watoto, anapokea wagonjwa wake, na anapima pamoja na bwana yake. Katika 1908 walikuwa wamesafiri wote wawili mpaka Greenland, inchi ya barafu, kupima miili ya wenyeji waliokuwa wanakula nyama nyingi sana. Musizani ilikuwa rahisi. Mutu mwenye kusema kwamba mambo hayo yanakwenda yenyewe hajapata kulea mutoto.

Sasa tufike kwa jambo linalotugusa sisi wa gimnastiki. Katika kwetu, mutu akisema anataka kufuata masomo ya mazoezi ya mwili, watu wanacheka. Hata kwa nyumba yetu wametuuliza kama kuruka na kukimbia inahitaji diplome. Basi wajue kwamba tangu 1909 iniversite ya Copenhagen ilikuwa na mwalimu wa elimu ya gimnastiki, munganga Johannes Lindhard. Krogh na Lindhard wakafanya kazi pamoja. Krogh alitengeneza kinga isiyokwenda: mutu anakanyaga, na sumaku inayotumia umeme inazuia gurudumu, hivi unaweza kujua kwa hesabu kazi gani mutu amefanya.

Katika 1913 waliandika jambo hili: mutu anapoanza kazi, pumzi na moyo vinapanda mara moja, katika sekonde za kwanza, mbele damu haijapata wakati wa kubadilika. Basi amri haiwezi kutoka kwenye damu peke yake. Ubongo unapotuma miguu, saa ileile unatuma moyo na mapafu. Mujaribu wenyewe: siku ya mashindano, wekeni mukono kwenye kifua mbele ya filimbi, kisha tena hatua chache baadaye.

Katika 1920 waliandika tena juu ya chakula. Waliwakalisha watu katika chumba kilichofungwa, wakawapa siku nyingine chakula cha mafuta mengi, siku nyingine chakula cha unga na sukari, kisha wakawapandisha kinga. Waliona kwamba mwili unachoma vyote viwili, mafuta na sukari. Lakini yule aliyekula mafuta tu alichoka upesi, na kwa kazi ileile alitumia nguvu zaidi, karibu sehemu moja ya kumi. Wanaolalamika juu ya bukari yetu ya kila siku wafikiri kidogo.

Lakini kazi iliyomupa Krogh jina ni ile ya mishipa midogo kabisa ya damu, myembamba kuliko unywele. Alijiuliza: mutu akifanya kazi, nyama ya mwili inapata wapi oksijeni yote ile? Alipiga wino mweusi ndani ya mishipa ya wanyama, kisha akahesabu kwa hadubini. Katika nyama inayopumzika mishipa iliyofunguka ilikuwa kidogo. Katika nyama inayofanya kazi ilikuwa mingi sana, hata kupita 2000 katika milimita moja ya muraba. Maana yake, mingi ilikuwa imefungwa, inangojea. Kazi inapokuja, inafunguka. Juu ya hiyo alipewa zawadi ya Nobel katika 1920.

Watu walifikiri sasa nyumba hii ina furaha tu. Lakini katika 1921 Marie akaona dalili katika mwili wake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa munganga, alizijua: ilikuwa ugonjwa wa sukari. Mutoto wao wa mwisho, Bodil, aliyezaliwa 1918, alikuwa bado mudogo sana. Wakati ule hakukuwa dawa. Mutoto aliyepata ugonjwa huu alikonda na kufa bila kukawia. Kwa watu wakubwa ulikuja polepole zaidi, lakini njia ya kupigana nao ilikuwa moja tu: kupunguza chakula na kupima kila kitu kinachoingia kinywani. Marie alishika sheria hiyo, akiwa chini ya uangalizi wa munganga kijana, Hans Christian Hagedorn, na hakuacha wagonjwa wake.

Katika 1922 August aliitwa Marekani kufundisha, na Marie akasafiri naye. Kule walisikia habari ya Toronto, katika Kanada. Banting na Best walikuwa wametoa ndani ya kongosho la wanyama dawa inayoitwa insulini, na tangu Januari 1922 ilikuwa imeanza kutumiwa kwa wagonjwa. Marie, mugonjwa na munganga katika mutu mumoja, akamusukuma bwana yake aende kuona. Mwezi wa Novemba August alifika Toronto, akazungumza na profesa Macleod, akapata ruhusa ya kutengeneza insulini kwao Denmark. Walirudi katikati ya Desemba. Hawakungoja Noeli ipite: tarehe 21 Desemba 1922 Krogh na Hagedorn walikuwa wamekwisha kutoa insulini yao ya kwanza katika kongosho la ng'ombe. Mwezi wa Machi 1923 mugonjwa wa kwanza katika inchi yao akapigwa shindano.

Hapa tulisimama kidogo katika kusoma. Krogh angeweza kuwa tajiri sana. Lakini nyumba ya kutengeneza dawa ile, Nordisk, waliisimamisha kwa njia kwamba isiwe mali ya mutu mumoja, na faida yake isaidie utafiti. Katika 1989 iliunganika na ndugu yake Novo, na jina Novo Nordisk munaweza kulisoma kwenye vichupa vya insulini hata katika Afrika. Leo hawatumii tena kongosho la ng'ombe kama zamani. Tangu miaka ya 1980 wanafundisha vijidudu kutengeneza insulini iliyo sawa na ile ya mutu. Lakini katika Denmark mwanzo ulitoka kwa mwanamuke mugonjwa aliyekataa kukaa kimya.

Marie aliishi miaka 22 kisha kutambua ugonjwa wake. Alifanya kazi, aliona watoto wake wakikomaa. Alikufa katika Machi 1943, si kwa sukari, bali kwa kansa ya ziwa. Inchi yao ilikuwa chini ya askari wa Ujerumani, na katika 1944 August alilazimishwa kukimbilia Uswidi. Alirudi 1945, akaendelea na wadudu wake aliowapenda tangu utoto, akipima namna nzige wanavyoruka. Alikufa tarehe 13 Septemba 1949. Bodil, yule mutoto mudogo, alifuata kazi ya wazazi, na katika 1975 akawa mwanamuke wa kwanza kuongoza shirika la wenye elimu ya mwili la Marekani. Alikufa 2015.

Wandugu, tumalize. Tunajua kati yetu kuna wale wenye mama mugonjwa nyumbani, wenye kulea wadogo wao, na wale wenye kubeba ugonjwa ndani ya mwili wao huku wanangoja Egzame ya Serikali. Hatusemi kila mumoja atapata Nobel. Tunasema tu kwamba katika nyumba ya Krogh ugonjwa haukufukuza masomo, na masomo hayakusahau mugonjwa.

Tena tumejifunza jambo moja la kazi, nalo tunaliandika wazi ili wote walijue. Nyama ya mwili inapofanya kazi, inavuta sukari ndani ya damu. Mutu aliyepigwa insulini, akikimbia bila kula, sukari yake inashuka mno: anatetemeka, anatoka jasho baridi, anaanguka. Lakini akila kwanza, akipima, na akiwa na sukari kidogo mufukoni, mazoezi yanamusaidia. Asifukuzwe uwanjani, na asikimbizwe kwa nguvu.

Jina la kijana yule tumelifuta kwenye karatasi ya adhabu, mbele ya Bwana Prefe. Tulikwenda kwa kitanda chake katika internati, tukamuomba musamaha. Akatuambia anapenda kukimbia, siku ile alikuwa na njaa tu, na aliogopa kusema. Sasa siku ya gimnastiki tunaangalia pamoja kama amekula, na kipande cha sukari kinakaa katika mufuko wetu sisi. Juma lililopita alizunguka uwanja mara ine, wala hakuwa wa mwisho.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita