Mwalimu alipougua



Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 45, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwili ulimtii. Ulikuwa umemtii tangu alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 na kuhamia Magomeni, akizunguka nchi nzima kudai uhuru. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi kijijini kulima, na baadaye akamalizia tenzi zake za Injili, zilizochapishwa mwaka 1996.

Agosti 1998, akiwa na miaka 76, madaktari wakamkuta na saratani ya damu. Aina aliyoipata huwapata zaidi wazee na huenda polepole. Chembe nyeupe, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, huongezeka kupita kiasi lakini kazi haziiwezi; ni kama kuajiri walinzi mia wasiojua kushika rungu. Mgonjwa huchoka, hupungua uzito, na homa ndogo humwangusha.

Wakati huo alikuwa amebeba mzigo wa watu wengine. Burundi ilikuwa vitani tangu mwaka 1993, na mazungumzo ya amani aliyoyasimamia yalikuwa yameanza Arusha miezi miwili tu kabla. Angeomba radhi, nani angemlaumu? Aliendelea kuyasimamia hadi mwaka 1999, huku Watanzania wengi wakiwa hawajui anaumwa nini.

Sisemi mgonjwa asipumzike. Nawajua akina mama wa Mbagala na Tandale wenye presha na sukari ambao, wakiambiwa wapumzike, huuliza nani atainjika kikaango cha vitumbua alfajiri. Hao hawahitaji mahubiri yangu juu ya kujituma.

Ninachokitazama kwa Mwalimu ni kingine. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku. Alipokuwa Msasani, waamini wa Mtakatifu Petro, Oysterbay, walimzoea pale kanisani. Alifunga, alisali. Na bado alikwenda kwa madaktari na kukubali tiba. Hakuona kwamba kidonge kinaitukana sala. Leo katika mitaa yetu wapo wanaoombewa jioni na asubuhi wakatupa dawa za presha, kwa kuwa wameambiwa kuendelea kuzimeza ni upungufu wa imani. Baada ya miezi michache jumuiya inaitwa: mtu amepooza upande mmoja, au tunakwenda kuzika. Naliita jambo hili kwa jina lake: ni ukatili, hata likisemwa kwa kipaza sauti na kwa jina la Yesu.

Kwetu Wakatoliki lipo kosa la namna nyingine. Padre huitwa wakati mgonjwa hasikii tena, eti Mpako Mtakatifu ni wa kukata roho, na akifika mapema atamtisha. Mpako ni wa wagonjwa. Mzee aliyedhoofika aupokee akiwa bado anajua kuitikia Amina. Anayesubiri upasuaji Muhimbili au anayeanza mionzi Ocean Road aupokee kabla hajaenda. Ugonjwa ukizidi, ataupokea tena.

Septemba 1999 Mwalimu alipelekwa London, katika Hospitali ya St Thomas'. Kiharusi kikamkuta huko, na Alhamisi, tarehe 14 Oktoba, akafariki akiwa na miaka 77. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa. Mwili uliletwa Uwanja wa Taifa, hapa Temeke, watu wakapita kumuaga, wengi wakilia kama waliofiwa na baba mzazi. Alizikwa Butiama tarehe 23.

Mkataba wa Burundi hakuuona. Nelson Mandela aliyachukua mazungumzo pale yalipoachwa, na tarehe 28 Agosti 2000 ukatiwa saini palepale Arusha.