Joseph Whitworth: fundi aliyeipima bunduki kabla ya kuitengeneza

Leo nawaletea mzee mmoja wa Uingereza ambaye wengi hamjawahi kulisikia jina lake, lakini kazi yake mnaigusa kila siku. Chukua koki ya nusu inchi kutoka duka moja la Kariakoo. Chukua bomba la nusu inchi kutoka duka jingine kabisa. Zungusha. Inaingia bila ugomvi, hata kama viwanda vilivyovitengeneza havijawahi kusikiana. Sababu ni kwamba yale meno ya kuzungushia, ambayo mafundi wanayaita thredi, yana pembe ile ile ya nyuzi 55. Aliyeipanga pembe hiyo mwaka 1841 anaitwa Joseph Whitworth.

Lakini mimi leo sitaki kumwongelea kwa mabomba. Nataka kumwongelea kwa bunduki. Kuna wadau wanaopenda mchezo wa kulenga shabaha, na swali lao ni lile lile siku zote: bunduki ndogo ya .22, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi, unaifanyaje ipige pale pale unapolenga? Wengi wanakimbilia kununua darubini ya bei mbaya. Whitworth alilishughulikia swali hilo zaidi ya miaka 160 iliyopita, kwa bunduki kubwa ya vita, na njia yake bado ndiyo hiyo hiyo. (Nitangulize kabisa: silaha ni mambo ya kibali. Hapa sifundishi mtu kuchokonoa bunduki nyumbani, nasimulia maisha ya mtu.)

KIJANA ALIYEKATAA KUWA BOSI

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 Stockport, jirani na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, baadaye akawa mchungaji. Mama alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na kuanzia hapo akalelewa na watu wengine. Alipofika miaka 14 akapelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire. Mpango wa familia ulikuwa mzuri tu: kijana ajifunze biashara, siku moja awe mshirika wa mjomba.

Jamaa akazipenda mashine kuliko biashara. Akazijua zote pale kiwandani, kisha akatoroka akaenda Manchester kuwa fundi wa kawaida wa kulipwa mshahara. Hebu fikiria wewe ungekuwa mjomba. Umempa kijana nafasi ya kuwa tajiri, yeye anakwenda kuchafuka grisi!

Mwaka 1825 akaingia London kwenye karakana ya Henry Maudslay, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa chuo kikuu cha mafundi wa Uingereza. Hapo akashughulika na jambo linaloonekana dogo: kutengeneza bapa la chuma lililonyooka kweli kweli. Wengi walikuwa wanasugua bapa mbili pamoja mpaka zilaliane. Shida ni kwamba moja linaweza kuwa na kitumbo na jingine likawa na bonde, zikalaliana vizuri na zote zikawa mbovu. Whitworth alitumia bapa tatu. Unapaka rangi, unalaza moja juu ya jingine, unakwangua pale palipogusa, kisha unabadilishana, kila moja na wenzake wawili. Bapa tatu haziwezi kulaliana zote mpaka zote ziwe zimenyooka. Kwa bapa tatu, uongo hauna pa kujificha.

Baadaye akafanya kazi kwa Joseph Clement, aliyekuwa anamtengenezea Charles Babbage ile mashine yake ya kukokotoa hesabu, mmoja wa mababu wa kompyuta tunazozitumia. Mwaka 1833 akarudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke, akaanza kutengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine.

Ule mpango wa thredi ulizaliwa hapo. Kila karakana Uingereza ilikuwa na skrubu zake. Nati ya kwako haiingii kwenye bolti ya jirani. Whitworth akakusanya skrubu kutoka karakana mbalimbali, akazipima, akatafuta wastani, akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 akaleta mashine ya kupima tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Wakati wa vita vya Crimea, John Penn aliambiwa atengeneze injini 90 za boti za kivita ndani ya siku 90. Akagawa vipande kwenye karakana tofauti, vyote kwa vipimo vya Whitworth, vikaja vikaunganishwa, kazi ikaisha.

SERIKALI YABISHA HODI

Sasa tufike kwenye bunduki. Mwaka 1854 serikali ilimwomba Whitworth abuni mashine za kutengeneza kwa wingi bunduki ya jeshi, Enfield. Mtu mwingine angechukua hela haraka. Yeye akauliza: kwa nini bunduki mbili zinazofanana zinapiga tofauti? Hakupata jibu la kumtosheleza. Basi akasema hatengenezi mashine yoyote mpaka afanye majaribio kwanza.

Serikali ikakubali. Ikajengwa nyumba ndefu ya kupigia risasi kwenye eneo la nyumbani kwake, Manchester, yenye urefu wa yadi 500, yaani kama mita 457, ili upepo usiharibu vipimo. Ilipomalizika dhoruba ikaibomoa. Ikajengwa tena. Mwaka 1855 majaribio yakaanza. Ndani yalitundikwa mapazia ya karatasi nyepesi njia nzima, ili matundu yaonyeshe risasi imepita wapi na kama imekwenda kichwa mbele au inayumba.

Aligundua mambo matatu yanayoshikana.

Kwanza, mtutu wa Enfield ulikuwa mpana mno: inchi 0.577. Yeye akashuka mpaka 0.451.

Pili, risasi ilikuwa fupi mno. Yeye akatumia risasi yenye uzito karibu ule ule, ila nyembamba na ndefu, urefu wake kama mara tatu ya upana. Risasi ya namna hiyo inakata hewa vizuri zaidi.

Tatu, mzunguko. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopinda inayoizungusha risasi. Kwenye Enfield mfereji ulikamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 78, na mtutu wenyewe ulikuwa inchi 39. Kwa hiyo risasi ilitoka ikiwa imezunguka nusu tu! Wote tumecheza pia utotoni. Pia inayozunguka taratibu inayumba na kuanguka, ukiichapa vizuri inasimama wima. Na risasi ndefu inahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko fupi. Whitworth akaleta mzunguko mmoja kwa kila inchi 20. Ili risasi isiruke mifereji, akautoboa mtutu kwa umbo la pembe sita, kama nati, na risasi nayo akaitengeneza ya pembe sita iingie sawasawa.

Mwezi Aprili 1857 bunduki hizo mbili zikashindanishwa Hythe. Kwa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa inchi 27 hivi kutoka katikati. Za Whitworth, inchi nne na nusu. Kwa yadi 1,400 Whitworth bado ilikuwa inapiga shabaha, Enfield haikuwa na cha kupima.

IKAKATALIWA

Hapa wadau ndipo panapouma. Jeshi likaikataa. Na tusiwaonee, sababu walikuwa nazo. Baruti ya wakati ule ilikuwa nyeusi yenye masizi mengi, na mtutu mwembamba ulijaa masizi haraka, askari akapata taabu kusukuma risasi ndani katikati ya vita. Halafu bei: ilikuwa kama mara nne ya Enfield. Kamati ikaona kipenyo kile ni kidogo mno kwa kazi ya jeshi.

Lakini sifa zilishasambaa. Julai 1860, kwenye ufunguzi wa mashindano ya kulenga shabaha Wimbledon, bunduki ya Whitworth ilifungwa kwenye mhimili wa chuma na kutegeshwa umbali wa yadi 400. Malkia Victoria akavuta kamba tu. Risasi ikatua inchi moja na kidogo kutoka katikati.

Huko Marekani, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na watumwa yaliagiza kiasi kidogo na kuwapa walengaji hodari. Tarehe 9 Mei 1864, Spotsylvania, Jenerali John Sedgwick wa Kaskazini alikuwa anawatoa hofu askari wake kwamba kwa umbali ule adui hawezi kumpata mtu. Akapigwa usoni, akafa. Inaaminika ilikuwa bunduki ya Whitworth.

Na jeshi lililoikataa? Mwaka 1871 Uingereza ikapitisha Martini-Henry. Kipenyo chake kilikuwa inchi 0.45, mzunguko mmoja kwa inchi 22. Yaani karibu vipimo vile vile vya mzee, sasa ikiwa inajazwa kwa nyuma. Bunduki hiyo ndiyo iliyowaangusha Wazulu kwa maelfu mwaka 1879. Mimi nikisoma habari za fundi huyu nafurahia akili yake, lakini siwezi kulifumbia macho hilo. Kipimo hakichagui nani atasimama mbele ya mtutu. Anayechagua ni mwenye kuushika.

TURUDI KWENYE .22

Whitworth alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887. Mwaka huo huo Marekani ilitoka risasi ya .22 Long Rifle, ile ndogo inayogongwa ukingoni mwa ganda, ambayo mpaka leo inatumika kwenye mashindano ya Olimpiki ya mita 50. Alama kumi pale ni kiduara cha milimita 10.4, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu!

Wanaoiboresha bunduki hiyo kwa akili wanafuata njia ya mzee. Wanaanza kwa kupima. Bunduki inalazwa kwenye mhimili usiotikisika, zinapigwa risasi tano tano kwenye karatasi, upana wa matundu unapimwa na kuandikwa. Kisha kinabadilishwa kitu kimoja tu kwa mara moja. Cha kwanza ni risasi zenyewe, maana hata za kiwanda kimoja, toleo hili na lile vinapiga tofauti kwenye mtutu ule ule. Halafu kitako: kama mbao imevimba kwa unyevu na inausukuma mtutu, hakuna darubini itakayokuokoa. Halafu mdomo wa mtutu, kwa sababu mkwaruzo mdogo pale unaipindisha risasi dakika ya mwisho. Halafu kifyatulio kisichovutika sawasawa. Mifereji ya mitutu hii kwa kawaida inazunguka mara moja kwa inchi 16, imepangwa kwa ajili ya risasi ile fupi. Darubini inakuja mwisho. Inakusaidia kuona unapokosea, haiponyi bunduki.

ALICHOACHA

Mzee hakuacha mtoto. Mwaka 1868 alitoa mfuko wa kulipa pauni 3,000 kila mwaka kuwasomesha vijana uhandisi, na akataka wanaoshika nyundo na tupa kwa mikono yao nao wapate nafasi, siyo wa darasani peke yao. Ufadhili huo upo mpaka leo. Sehemu ya mali yake ilikwenda kwenye bustani na jumba la sanaa la Manchester lenye jina lake. Bunduki zake zimebaki makumbusho na kwa wakusanyaji. Thredi zake zimeingia mpaka jikoni kwako.

Ninachokichukua mimi ni yale mapazia ya karatasi. Alikuwa na jina na serikali mlangoni, bado akasema subirini kwanza, sijui kwa nini hii inapiga vibaya. Ukipita Gerezani au kwenye jua kali za Nairobi utakuta vijana wenye mikono kama yake. Wengi hawana vernia ya maana, na hakuna anayewalipia muda wa kujaribu kabla ya kutengeneza. Kazi inatakiwa jioni, ya kupima itapimwa kwa macho.

Haya wadau, swali langu kwenu: fundi wetu akiomba muda na pesa za kupima kwanza, nani atampa? Serikali, chuo, au sisi wateja tunaotaka kitu leo leo kwa bei ya chini? Mafundi mliopo humu msione soo, shusheni maoni hapo chini. Naomba kuwasilisha.