MAISHA YA WATU WAKUBWA: MARCEL LIHAU, MWAMUZI ALIYEKATAA



Mara nyingi hapa Kolwezi, kama mtu anashindwa na maneno ya tribinali, tunamusikia akisema kwamba zuzi hana nguvu mbele ya wakubwa. Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya zuzi mmoja wa inchi yetu ambaye alikuwa juu ya wengine wote, na siku moja alikataa. Jina lake ni Marcel Lihau.

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931, upande wa Lisala katika jimbo la Equateur. Wakati ule Wabelgiji hawakupenda Mwafrika asome sheria. Waliona kwamba mtu mweusi akijua sheria ataanza kuuliza maulizo mingi. Lakini mapadri Wayezuiti waliokuwa walimu walimusaidia, na akaenda Ubelgiji kusoma ku iniversite ya Louvain. Hivi akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria.

Mwezi wa Januari 1960 wakubwa wa vyama vyetu walifika Bruxelles kwa mkutano tunaouita Table Ronde. Walikuwa wanashindana wao kwa wao. Lihau na wanafunzi wenzake waliwaomba wasimame pamoja mbele ya Wabelgiji. Wakasikilizana, na tarehe ya uhuru ikapatikana: 30 Juni 1960. Wanafunzi, muone: wale waliotoa shauri ile walikuwa wangali wanakaa ku banki ya masomo sawa sisi!

Kiisha uhuru mambo yaliharibika haraka. Katika Septemba 1960 Mobutu aliweka pembeni wanasiasa, akaita vijana wa iniversite waongoze serkali. Lihau akapewa kazi ya sheria, na musaidizi wake alikuwa Étienne Tshisekedi. Hatuwezi kuficha jambo hili: serkali ile ilichukua nafasi ya serkali ya Lumumba, na watu wengi hawakuisifu. Mtu mkubwa naye anapita katika njia yenye matope.

Mwaka 1963 Lihau akawa mkubwa wa masomo ya sheria ku iniversite ya Lovanium, Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Ndio mwaka ule kujitenga kwa Katanga kuliisha, na askari wa ONU waliingia hapa kwetu Kolwezi mwezi wa Januari. Inchi ilikuwa na lazima ya katiba. Lihau alifanya kazi kubwa katika kuitengeneza ile inayoitwa Katiba ya Luluabourg. Raia waliikubali kwa kura mwaka 1964. Katiba ile iliachia majimbo nguvu nyingi. Majimbo yalikuwa mengi siku zile, na moja liliitwa Lualaba, jina ambalo jimbo letu limelipata tena mwaka 2015.

Mwaka ule wa 1964 alioa Sophie Kanza, binti wa kwanza wa Kongo kumaliza iniversite. Mwaka 1966 bibi huyu akawa mwanamke wa kwanza kuwa minisitiri katika inchi yetu. Wasichana wa masomo yetu, musikie vizuri!

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua utawala. Katiba ya Luluabourg ikakufa mapema, na katiba ingine ya 1967 ikarudisha nguvu zote Kinshasa. Lihau alishiriki katika kazi ya ile nayo. Mwaka 1968 akafanywa Prezida wa Kwanza wa Tribinali Kuu ya inchi, Cour suprême. Kazi ya tribinali ile ilikuwa kuangalia kama tribinali za chini zimefuata sheria. Juu yake hakuna tena mahali pa kukimbilia. Wakati wa majina ya authenticité alijiita Ebua Libana la Molengo Lihau.

Alikalia kiti kile miaka saba. Halafu, mwaka 1975, wanafunzi waliofanya maandamano walipelekwa mbele ya sheria. Wakubwa walitaka malipizi makali. Lihau alikataa kuyatimiza. Mara moja Mobutu akamuondoa ku kazi, akafungiwa katika nyumba yake. Angaliweza kutia sinyatire tu, abaki na motokari, nyumba na mushahara. Hakufanya vile.

Kiisha hapo hakunyamaza. Aliingia katika UDPS, chama kilichozaliwa mwaka 1982, pamoja na Tshisekedi yule aliyekuwa musaidizi wake zamani. Sheria ilikataza chama kingine zaidi ya MPR. Akanyanganywa haki zake, akahamishwa ku kijiji, na mwili wake ukalegea. Mwaka 1985 alikimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba ku iniversite ya Harvard. Mwaka 1990 alirudi kwa mazungumuzo ya kubadilisha siasa, kiisha akaenda tena Marekani kutafuta dawa. Tarehe 2 Aprili 1999 bibi yake alikufa katika aksida ya motokari. Juma moja tu likapita, na tarehe 9 Aprili yeye naye akakufa kule Marekani.

Katiba ya 2006 iligawanya Cour suprême katika tribinali tatu. Lakini ulizo linabaki lile lile kwa kila anayeketi pale: kama mkubwa anasema hivi na sheria inasema vile, utafuata nini?

Wandugu, kati yetu kuna wanaotaka kuwa zuzi ao avoka. Kujua sheria kunatoka ku vitabu. Lakini siku ya kukataa inakuja bila kupiga hodi, na vitabu haviwezi kukataa kwa nafasi yako. Tuanze sasa na vitu vidogo: kapita wa darasa asiandike jina la uongo juu ya rafiki yake, na wakati wa egzamen tusiombe jibu kwa jirani.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano