Kirkman: Mzungu aliyefukua Gede akakosea jina la mwenye nyumba

Najua umeziona. Zile video za usiku wa manane, kamera inapaa juu ya piramidi za Wamaya kule Guatemala, muziki wa kutisha nyuma yake, halafu sauti nzito inauliza eti ni nani aliyejenga haya yote. Jibu halikawii: watu wa Atlantis, au viumbe wa sayari nyingine. Yaani yeyote yule, mradi asiwe babu yake yule mkulima anayelima mahindi hapo kando ya magofu.

Ujue hadithi hiyo si ya leo. Mmarekani John Lloyd Stephens alipofika Copán mwaka 1839, wengi kwao waliamini miji ile ilijengwa na Wamisri au taifa fulani lililopotea. Yeye alitazama mawe, akatazama wenyeji, akasema wajenzi ni wazee wa watu hawa hawa. Alikuwa sahihi.

Sasa twende kwetu, maana na sisi tuna Stephens wetu. Tofauti ni kwamba wetu alipata mengi sahihi, ila lile moja kubwa likamponyoka.

Anaitwa James Kirkman. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akafariki 1989. Kama umewahi kuingia Fort Jesus na ziara ya shule, umetembea ndani ya kazi yake bila kujua. Lakini yeye hakuanzia Mombasa. Alianzia msituni.

Panda matatu ya Malindi, shuka Gede, ingia ndani kuelekea miti mikubwa. Utakuta mji mzima wa matumbawe umelala humo: msikiti mkuu, jumba la mfalme lenye kumbi na vyumba, nyumba zenye vyoo, visima, na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Wareno walikaa Malindi, kilomita kama 16 tu kutoka hapo, lakini maandishi yao hayautaji mji huu. Ajabu, sivyo? Hapo ndipo hadithi za mji uliopotea zilipopata nguvu. Wamijikenda wa jirani walijua kuna magofu humo, na waliuheshimu msitu ule kama mahali penye wenyewe.

Serikali ya mkoloni ilipoifanya Gede kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1948, Kirkman ndiye aliyepewa kuisimamia. Akaingia msituni na vibarua wa pale pale, wakakata mizizi iliyokuwa imekumbatia kuta, wakaanza kuchimba taratibu. Na usifikirie msomi huyu hakuguswa na mahali. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku za mwanzo alihisi kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki, anangoja tu. Ukifika saa za jioni, mwanga ukianza kupotea kwenye matawi, utamwelewa.

Lakini Kirkman hakuuza hadithi za mizimu. Alichimba tabaka kwa tabaka, akaandika kila kitu kilikotoka. Nyumba akazipa majina kwa vitu vilivyopatikana humo. Kuna nyumba ya mkasi, ya kisanduku cha pembe, ya taa ya chuma, ya ushanga wa Venice, ya pesa za Kichina. Hebu fikiria: mtu wa Gede, miaka mia tano iliyopita, ana bakuli la China ukutani na ushanga wa Italia shingoni. Wewe unasubiri mzigo wako kutoka China wiki tatu ukilalamika. Yeye alikuwa akingojea pepo za kaskazi.

Tarehe alizipataje? Kuna kaburi moja lenye mwaka wa Hijria umechongwa, 802, yaani 1399 kwa kalenda ya kawaida. Akachukua hapo, akalinganisha na vigae vya Kichina ambavyo umri wake unajulikana, akaanza kuusoma udongo kama kurasa za kitabu. Akaona mji ulinawiri karne ya 15, kisha ukahamwa kufikia karne ya 17. Sababu? Kuna mashambulizi ya Wazimba mwaka 1589, kuna Waoromo kutoka kaskazini, kuna sultani wa Malindi kuhamia Mombasa na Wareno mwaka 1593. Na kuna maji. Visima vilianza kukauka, ikabidi vichimbwe zaidi. Hakuna laana wala kuzama baharini. Mji ukikosa maji na usalama, watu hufunga mizigo.

Mwaka 1958 kazi ikamleta kisiwani. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895. Wafungwa wakatolewa, Kirkman akaingia na makoleo. Chini ya majengo ya jela akafukua misingi ya kanisa, nyumba ya kapteni na takataka za vita za miaka mingi. Mwaka 1960 jumba la makumbusho likafunguliwa, naye akiwa msimamizi. Baadaye, mwaka 1972, akachimba pia Jumba la Mtwana kule Mtwapa. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya magofu unayopigia picha kwenye pwani hii, mkono wake umepita.

Sasa lile lililomponyoka. Kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu msikiti mkuu wa Gede kilitoka na jina The Arab City of Gedi. Mji wa Waarabu. Kwa Kirkman, na kwa wasomi wengi wa enzi zake, mawe mazuri pwani ya Afrika lazima yalikuja na wageni. Mwafrika alikuwepo, lakini kama mke, mtumwa au kibarua.

Jamani, hebu tazama alichokishika mkononi. Vile vigae vya China vilikuwa vichache ukilinganisha na vyungu vya udongo vya hapa hapa, vilivyofinyangwa na mikono ya hapa. Mawe ni matumbawe ya bahari yetu. Wachimbaji waliofuata, kina Mark Horton na Mkenya Chapurukha Kusimba, walionyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya Waafrika vya wavuvi, wakulima na wafua chuma, na biashara ikawatajirisha. Mwaka 2023 utafiti wa chembe za urithi kutoka makaburi ya zamani ya pwani ukaongeza jambo: asili ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, na asili ya Kiajemi, hasa upande wa akina baba, vilichanganyika kuanzia mwaka 1000 hivi. Kwa hivyo wageni walikuja, ndiyo. Walikuta wenyewe, wakaoa, wakajifunza lugha. Hii hii unayosoma sasa.

Lakini usimtupe Kirkman. Waliomsahihisha walianza na kumbukumbu zake. Vyungu vile alivyoona si hoja, hakuvitupa. Alivipanga kwa aina na kina cha shimo. Mtu anaweza kukosea jibu lakini akakuachia hesabu yote wazi, ukaikagua mwenyewe. Wale wa video hawakuachii kitu.

Na kuna la kisiwani. Nyumba nyingi unazoziona Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni mpaka Forodhani, si kongwe kama unavyodhani. Mombasa ya kale zaidi iko chini ya miguu yako kaskazini, upande wa hospitali kuu ya Pwani, ambako uchimbaji wa miaka ya 1970 ulikuta mabaki ya karibu miaka elfu moja. Watu wanapita juu yake kila siku wakiwahi foleni ya daktari.

Gede iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, Fort Jesus tangu 2011. Ukienda, usiishie kwenye picha ya lango. Uliza vyungu viko wapi. Vya udongo, visivyong'aa. Vitazame vizuri, halafu uende jikoni kwa nyanya yako utazame alichopikia wali wa nazi.