John Snow: Tabibu Aliyebisha Hodi

Mwaka 2007, watafiti Elizabeth Kimani-Murage na Augustine Ngindu walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maji katika mtaa wa Langas, mjini Eldoret. Ilibainika kuwa asilimia 91 ya waliohojiwa walitegemea visima, na kwamba takriban asilimia 40 ya vyoo vya shimo vilikuwa chini ya mita 15 kutoka visimani. Sampuli zote 31 za visima vifupi zilikutwa na bakteria za kundi la kolifomu, ambazo ni ishara ya uchafu, ilhali sampuli 5 za maji ya bomba hazikuwa nazo. Leo hakuna mwanafunzi wa tiba asiyejua uhusiano wa choo, kisima na maradhi. Hata hivyo, uhusiano huo ulipotajwa kwa mara ya kwanza ulipingwa vikali, na aliyeutetea alifariki kabla ya kusadikiwa. Jina lake ni John Snow.

Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa, na baba yake alikuwa kibarua katika ghala la makaa ya mawe. Alipotimu umri wa miaka 14, alipelekwa Newcastle kuwa mwanagenzi wa daktari mpasuaji William Hardcastle. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo mwaka 1831, kijana huyo alitumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe huko Killingworth. Hakuwa na dawa ya kufaa, lakini alikuwa na macho. Wachimbaji walishinda chini ya ardhi pasipo choo wala maji ya kunawa, na mumo humo ndimo walimokula chakula chao. Somo hilo la uanagenzi halikumtoka akilini.

Mwaka 1836 alikwenda London kuendelea na masomo, na mwaka 1844 akapata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha London. Alipata sifa kwanza kwa utaalamu wa nusukaputi. Mwaka 1853, na tena mwaka 1857, ndiye aliyempa Malkia Victoria dawa ya klorofomu wakati wa kujifungua. Angeweza kutosheka na wagonjwa wa tabaka la juu, lakini fikra zake zilibaki kwenye kipindupindu.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa maradhi hayo yaliletwa na hewa yenye uvundo. Snow alijiuliza: ikiwa sumu huvutwa kwa pumzi, mbona ugonjwa huanzia tumboni badala ya mapafuni? Mwaka 1849 alichapisha kijitabu akieleza kuwa kipindupindu huenezwa na kitu kinachotoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine, hasa kupitia maji. Wenzake hawakushawishika.

Mwishoni mwa Agosti 1854, mlipuko mkali ulizuka karibu na mtaa wa Broad Street, eneo la Soho. Katika muda wa siku 3 walifariki watu 127, na hatimaye idadi ikafikia 616. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akibisha hodi na kuuliza jambo moja: marehemu alikunywa maji ya wapi? Wengi walikuwa wametumia pampu ya Broad Street. Aidha, alichunguza walionusurika. Nyumba ya maskini iliyokuwa jirani ilikuwa na wakazi 535, lakini ni 5 tu waliofariki, kwa kuwa ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia, ambao hawakuyatumia maji ya pampu hiyo, hawakufa.

Snow aliwasilisha ushahidi wake mbele ya wakuu wa parokia, na tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Kwa hakika, mlipuko ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamehama, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Kasisi Henry Whitehead, aliyeanza uchunguzi wake akikusudia kumpinga, ndiye aliyegundua kuwa mtoto mchanga aliugua mapema katika nyumba iliyopakana na kisima, na kwamba maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la majitaka lililovuja.

Fauka ya hayo, Snow alilinganisha nyumba za kusini mwa London zilizopata maji kutoka kwa kampuni mbili tofauti. Kampuni iliyochota maji machafu ya mto Thames ilihusishwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Ile iliyochota juu zaidi mtoni ilihusishwa na vifo 37. Licha ya ushahidi huo, kamati ya serikali ilishikilia nadharia ya hewa, na baadaye mkono wa pampu ukarudishwa. Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858 akiwa na umri wa miaka 45. London ilipopatwa na kipindupindu tena mwaka 1866, ndipo ukweli wake ulipokubaliwa na baadhi ya waliomtilia shaka. Robert Koch alikitambulisha kimelea chenyewe mnamo 1883 na 1884.

Maisha ya Snow yanaonyesha kuwa tabibu hukamilika anapotoka wodini na kuingia mitaani. Ndiyo maana shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, imeyafanya mafunzo katika jamii kuwa sehemu ya mtaala wake. Hata hivyo, Langas inaongeza somo ambalo Broad Street haikulitoa. Wakazi wa Soho walikuwa na pampu nyingine za kuendea, lakini anayetegemea kisima kimoja hawezi kuambiwa akiache kabla ya bomba kumfikia. Kubisha hodi humwonyesha tabibu chanzo cha maradhi, lakini kuleta maji safi ni wajibu wa wenye mamlaka, na tabibu hana budi kuwabishia hodi hao pia.