Palladio: Fundi Aliyeandika Vipimo Vyake

Wengi wetu tukiona jumba lenye nguzo ndefu mbele na paa la pembetatu juu yake, twasema ni ujenzi wa Kizungu, basi. Leo nataka tumtaje mtu mwenyewe, kwani sura hiyo ilienea Uingereza na Marekani kwa kazi ya fundi mmoja wa Kiitaliano.

Alizaliwa Padua mwaka 1508, mwana wa msaga nafaka, akaitwa Andrea di Pietro. Alipotimu miaka 13 alitiwa kwa fundi ajifunze kuchonga mawe. Mwaka 1524 akahamia Vicenza, akaendelea na patasi hadi akakaribia miaka 30. Ndipo tajiri mmoja msomi, Gian Giorgio Trissino, alipoiona akili yake. Akamfunza, akampa jina la Palladio, na mwaka 1541 akamchukua hadi Roma. Huko fundi wetu akapima magofu ya Warumi wa kale: nguzo, kuba na matao.

Mwaka 1549 baraza la mji wa Vicenza lilimpa kazi ya kulizungushia jumba lao la zamani matao ya mawe. Kazi ilikwisha 1617, mwenyewe keshakufa zamani. Matajiri nao wakamwita awajengee nyumba za mashambani. Mashuhuri zaidi ni Villa Rotonda, yenye kuba katikati na baraza ya nguzo sita kwa kila upande wa pande zake nne. Nguzo zake nyingi wala si mawe. Ni matofali yaliyopigwa lipu. Fahari yake ilikuwa kwenye vipimo: urefu wa chumba, upana na kimo chake viwiane.

Mwaka 1570 alichapisha Venice vitabu vinne vya ujenzi, vimejaa michoro na vipimo. Akafa 1580, lakini vitabu vikasafiri. Inigo Jones alikuwa na nakala yake, akaja kujenga Nyumba ya Malkia kule Greenwich. Thomas Jefferson naye alivifuata alipojenga Monticello, Marekani.

Hata Fort Jesus yetu, iliyoanzwa 1593, ilichorwa na Mtaliano wa karne hiyohiyo, Giovanni Battista Cairati. Jina lake twalijua kwa kuwa liliandikwa. Je, mafundi waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale ni akina nani? Nao walikuwa na vipimo vyao: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na vidaka vilipangwa ukutani kwa hesabu. Ila hesabu hiyo ilikaa vichwani na mikononi, na kila fundi mzee tunayemzika huenda nayo.

Mali bila daftari, mwisho wake twaujua. Kwa hivyo nawaomba vijana wetu: ketini na mafundi wazee waliobaki, mpime, mchore, muandike na majina yao. Mwana wa msaga nafaka hakuwa na zaidi ya hayo.